Maji yakinuka petroli: Hatari iliyozikwa chini ya mitaa yetu

Ni Jumamosi asubuhi. Mama amemtuma bintiye kuteka maji kisimani ili chai iwekwe jikoni. Binti anarudi amekunja uso.

"Mama, haya maji yananuka petroli."

Mama haamini. Fikira yake ya kwanza ni kwamba kuna mtu nyumbani aliyeutumia ule mtungi kununulia mafuta ya taa. Mtungi unaoshwa kwa sabuni, unasuuzwa mara mbili, kisha unarudishwa kisimani. Harufu ni ile ile.

Kisa hiki ni cha kupiga mfano tu, msomaji. Lakini ndivyo mambo yalivyoanza kwa familia nyingi katika nchi mbalimbali: harufu ngeni katika mtungi, bafuni au kwenye birika ndiyo iliyokuwa habari ya kwanza kwamba tangi la mafuta lililozikwa ardhini jirani limetoboka. Na kufikia siku ambayo harufu hiyo inasikika, mafuta huwa yamekwisha kufanya safari ya miezi au hata miaka kadhaa chini ya nyayo za watu.

Je, mafuta hayo hufikaje kisimani? Yakishafika, yaweza kuondolewa? Na wewe uliye na kisima karibu na kituo cha petroli ufanye nini?

TONE MOJA KILA SEKUNDE

Tunapopita kando ya kituo cha petroli tunaona pampu, paa lenye taa na vijana waliovalia sare. Tusichokiona ni matangi. Hayo huzikwa ardhini kwa sababu ya usalama, kwani petroli iliyo juu ya ardhi ni rahisi kushika moto. Kituo cha kawaida huwa na matangi kadhaa, kila moja likibeba maelfu ya lita. Kutoka humo mabomba hupita chini ya saruji mpaka kwenye pampu.

Zamani matangi mengi yalitengenezwa kwa chuma kitupu kisicho na kinga yoyote. Chuma kikizikwa kwenye udongo wenye unyevu hushika kutu, na kutu haina haraka. Hula polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja tundu dogo kama la sindano linatokea. Mahali pengine si tangi linalovuja bali ni viungo vya mabomba, hasa pale ambapo ardhi haitulii. Wakazi wa sehemu za Nairobi zenye ule udongo mweusi wanaujua vyema: wakati wa mvua hufura na kunata viatuni, wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka. Ukuta wa nyumba hupata nyufa kwa sababu hiyo, na bomba nalo haliachwi. Aidha, mafuta mengine humwagika wakati lori linapojaza tangi kupita kiasi.

Huenda ukasema, "Tundu la sindano litamwaga nini?" Hebu tufanye hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, ambayo hujaza kiasi cha lita nne. Kwa mwaka mzima ni kama lita 1,500, yaani zaidi ya mapipa saba yale makubwa ya lita 200. Kituo kinachouza maelfu ya lita kila siku chaweza kupoteza lita nne bila mtu yeyote kushtuka. Petroli hupanuka ikipata joto na kunywea ikipoa, kwa hivyo hesabu ya asubuhi na ya jioni haikosi tofauti ndogo. Wizi huo wa kimyakimya hujificha humo.

SAFARI YA CHINI KWA CHINI

Petroli iliyovuja huanza kwa kuteremka kati ya chembe za udongo. Njiani, sehemu fulani hunata kwenye udongo kama mafuta yanavyonata kwenye sufuria. Nyingine hugeuka mvuke, ambao hupenya na kupanda, na waweza hata kuingia ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu au mabomba ya maji taka. Mvuke huo ukikutana na cheche ya moto, balaa.

Inayobaki huendelea kuteremka mpaka ikakutana na maji ya chini ya ardhi, yale yanayojaza visima vyetu. Kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Lau ingebaki hapo, kazi ingekuwa rahisi. Lakini baadhi ya kemikali zilizomo huyeyuka ndani ya maji na kuanza kusafiri nayo kuelekea kule maji yanakokwenda. Maji ya ardhini hayasimami. Hutambaa polepole, pengine sentimita chache tu kwa siku, lakini hutambaa usiku na mchana.

Aina ya ardhi ina maana kubwa. Mombasa na sehemu nyingine za pwani, ambako visima vingi ni vifupi na ardhi ni mawe ya matumbawe yenye mianya tele, uchafu hupita upesi kama maji kwenye chujio. Nairobi imejengwa juu ya miamba iliyotokana na volkeno, na visima vingi vya mashine huchimbwa kwenda chini sana. Hapo uchafu hukawia kufika. Hata hivyo, kisima kilichochimbwa ovyo, ambacho kuta zake za juu hazikuzibwa sawasawa, huwa njia ya mkato ya kuuteremsha uchafu mpaka chini.

SUMU ISIYONUSIKA

Kati ya kemikali zilizomo katika petroli, inayowatia wasiwasi mwingi madaktari ni benzeni. Imethibitishwa kwamba benzeni husababisha saratani ya damu kwa watu wanaokutana nayo kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango cha mikrogramu 10 za benzeni katika lita moja ya maji ya kunywa, kiwango ambacho hakifai kuzidishwa. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni moja.

Wanafunzi wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe. Chukua lita moja ya petroli ambayo benzeni ni sehemu moja kwa mia ya uzito wake. Hiyo ni kama gramu saba. Iwapo benzeni hiyo yote itaingia majini, inatosha kuchafua lita 700,000 za maji hadi kufikia kiwango hicho cha WHO. Hayo ni maji ya malori 70, yale ya kubeba lita 10,000 kila moja. Yote hayo kwa lita moja tu ya petroli!

Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba pua ya binadamu hainusi benzeni iliyo majini mpaka iwe imekipita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hivyo maji yasiyonuka si lazima yawe salama, nayo yanayonuka hayahitaji mjadala.

Kuchemsha maji, ile dawa yetu ya siku zote dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, hapa si kinga. Ukiyachemsha, mvuke wa petroli hujaa jikoni na kuingia mapafuni mwako na mwa watoto, na kuna hatari ya moto. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu, haiondoi petroli.

MJI ULIOPOTEZA NUSU YA MAJI YAKE

Nchi iliyolipa bei kubwa kwa somo hili ni Marekani. Huko matangi ya chuma yalizikwa kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kufikia miaka ya 1980 yalikuwa yanatoboka kila upande. Mwaka wa 1984 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuyasimamia matangi ya ardhini. Mwaka wa 1986 likaanzisha hazina ya kugharimia usafishaji, inayojazwa kwa kodi ndogo mno ya sehemu moja kwa kumi ya senti katika kila galoni ya mafuta. Kisha kanuni za 1988 ziliwapa wenye matangi muda wa miaka kumi, hadi Desemba 1998, wayatie kinga, wayabadilishe au wayafunge.

Wakaguzi walipoanza kuchimba, walichokikuta kiliwashtua wengi. Tangu wakati huo zaidi ya visa 570,000 vya uvujaji vimethibitishwa nchini humo. Zaidi ya 500,000 vimekwisha kusafishwa. Lakini makumi ya maelfu yangali yanasubiri, miaka 40 baada ya sheria kupitishwa.

Kisa cha mji wa Santa Monica, ulio kando ya bahari ya Pasifiki karibu na Los Angeles, kinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika. Katika miaka hiyo petroli ya huko ilitiwa kemikali iitwayo MTBE ili iungue vizuri na kupunguza moshi mijini. Hewa ilinufaika. Lakini MTBE huyeyuka majini kwa urahisi, husafiri upesi, na vijidudu vya udongoni huiyeyusha kwa shida. Kiasi kidogo tu hutosha kuyafanya maji yanuke kama dawa ya kusafishia rangi.

Mwaka wa 1995 kemikali hiyo iligunduliwa katika visima vya Charnock vilivyotegemewa na mji huo. Ilikuwa imetokana na petroli iliyovuja katika maeneo ya karibu. Mwaka wa 1996 visima vikafungwa, na Santa Monica ikapoteza karibu nusu ya maji yake. Wakazi walilazimika kutumia maji ya kununuliwa kutoka mbali. Baada ya mvutano wa miaka mingi mahakamani, kampuni za mafuta zilikubali kugharimia usafishaji, na mtambo mkubwa ukajengwa wa kuyapitisha maji kwenye makaa maalum yanayonasa kemikali. Ulianza kazi mwishoni mwa 2010. Hesabu mwenyewe, msomaji: mtoto aliyezaliwa visima vilipofungwa alikuwa kidato cha pili vilipofunguliwa. California ilikuwa imekwisha kupiga marufuku MTBE kuanzia Januari 2004.

Ama kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUSAFISHA KUNAVYOFANYWA

Habari njema ni kwamba ardhi iliyochafuliwa yaweza kusafishwa. Habari mbaya ni kwamba hakuna njia ya mkato.

Hatua ya kwanza ni kuzuia. Tangi linamwagwa mafuta yote, bomba linafungwa, na watu wanaambiwa wasitumie maji ya karibu. Kisha mafundi huchimba mashimo membamba ya uchunguzi hapa na pale, wapime udongo na maji ili wajue uchafu umefika wapi na unaelekea wapi. Kuanza kusafisha kabla ya kujua hayo ni kama kumpa mgonjwa dawa bila kumpima.

Hatua ya pili ni kuondoa kile kinachoweza kufikiwa. Udongo ulioloa petroli huchimbuliwa na kupelekwa mahali palipotengwa. Mafuta yanayoelea juu ya maji ya ardhini huenguliwa kwa pampu kupitia visima maalum, kama mpishi anavyoengua mafuta juu ya supu.

Baada ya hapo kazi inategemea ardhi yenyewe. Kama uchafu umebaki katika udongo mkavu ulio juu ya maji, mabomba yenye matundu huzikwa na mashine huufyonza mvuke wa petroli, ambao husafishwa kabla ya kuachiwa hewani. Kama umeingia majini, hewa yaweza kupulizwa chini ya maji hayo ili viputo vipande na kemikali. Njia nyingine ni kuyavuta maji juu na kuyapitisha kwenye makaa maalum, kama ilivyofanyika Santa Monica.

Hata hivyo pampu haimalizi kila kitu. Petroli iliyojificha katika vijitundu vya udongo huendelea kutoka kidogo kidogo. Hapo ndipo wanapoingia wafanyakazi wasiodai mshahara.

VIJIDUDU WALA MAFUTA

Ndani ya udongo mna bakteria wanaokula mafuta. Kwao petroli ni chakula: huivunjavunja na mwishowe kuacha maji na hewa ya kaboni. Wanachokosa mara nyingi ni oksijeni, na pengine mbolea yenye nitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana udongo uliochimbuliwa hutandazwa au kurundikwa, ukapewa mbolea na unyevu na kugeuzwa mara kwa mara, karibu sawa na mkulima anavyotengeneza mboji.

Nguvu ya bakteria hao imechunguzwa kwa muda mrefu karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani. Mnamo Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka huko na kumwaga kiasi cha lita milioni 1.7. Sehemu kubwa iliondolewa, lakini mengine yalizama hadi kwenye maji ya ardhini. Tangu 1983 wanasayansi wamekuwa wakipima mahali hapo. Waligundua kwamba bakteria wa kawaida walikuwa wakizila kemikali hizo na kuuzuia uchafu usisambae mbali kama ilivyohofiwa. Lakini waligundua pia kwamba kazi hiyo ni ya miongo, si ya miezi. Mafuta mengine yangali pale.

Kwa hivyo anayesema "tuiachie ardhi ijisafishe" hasemi uongo wote, wala hasemi kweli yote. Kuiachia ardhi kunafaa tu pale ambapo mvujo umezibwa, hakuna kisima njiani, na maji yanapimwa kila mara.

SOMO LA THANGE

Hapa kwetu Kenya kisa kinachojulikana zaidi hakikutokana na tangi bali na bomba, lakini ardhi haitofautishi. Mnamo Mei 2015 mafuta yaligunduliwa yakivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi huko Thange, eneo la Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia katika mto na visima ambavyo wakazi walitegemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kunyunyizia mashamba. Watu waliokuwa wakiteka maji mlangoni pao wakawa wanangoja maji ya kuletwa kwa malori.

Kesi ilichukua miaka. Ilikuwa 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Miaka kumi! Hakuna fidia inayoweza kumrudishia mkulima misimu kumi.

JARIBIO LA NYUMBANI

Wanafunzi wanaotaka kujionea wanaweza kufanya jaribio hili, lakini kwa mafuta ya kupikia pekee. Msitumie petroli wala mafuta ya taa asilani.

Kateni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mtie changarawe kidogo chini na mchanga juu yake. Mimineni maji mpaka yafike nusu ya mchanga. Hayo ni maji ya ardhini. Changanyeni vijiko viwili vya mafuta na manjano ya jikoni ili yaonekane, mmimine juu upande mmoja, kisha mngoje. Mtaona mafuta yakinata kwenye mchanga huku mengine yakitulia juu ya maji. Sasa jaribuni kuuosha mchanga ule kwa maji safi mpaka uwe kama ulivyokuwa. Hesabuni mara ngapi mmebadilisha maji. Mtaelewa kwa nini mji mzima ulihitaji miaka.

UFANYE NINI?

Ukisikia harufu ya petroli katika maji ya kisima au ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu yake, acha kuyatumia mara moja, kwa kunywa, kupika na hata kuoga. Usiwashe moto karibu na kisima. Wajulishe majirani, kwani maji yenu ni mamoja. Ripoti kwa afisa wa afya ya umma, kwa Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na kwa mamlaka ya kusimamia mafuta na kawi (EPRA), na udai maji yapimwe katika maabara. Andika tarehe na uweke nakala ya kila barua. Siku ya kudai haki zitakufaa.

Kabla ya kununua ploti, uliza palikuwa na nini hapo awali. Kituo kilichofungwa zamani chaweza kuwa kimeacha matangi ardhini. Kabla ya kuchimba kisima, tazama vituo, gereji na maghala ya mafuta yaliyo karibu, hasa upande wa juu wa mteremko.

Na kituo kipya kikitaka kujengwa mtaani, kumbuka kwamba sheria inataka athari zake kwa mazingira zichunguzwe kwanza, na wakazi wana haki ya kutoa maoni. Usikae kimya. Uliza: Matangi yatakuwa na kuta mbili? Yana kinga dhidi ya kutu? Kuna visima vya uchunguzi kando yake? Mafuta yatapimwa kila siku, na nani atakagua hesabu? Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kungoja mpaka awe amedhurika.

Mwenye kituo naye asione maswali hayo kuwa uchokozi. Tone analolizuia leo ni mali yake mwenyewe. Akilipuuza, jirani atalilipia kwa kisima chake, na mwishowe yeye atalilipia kwa kila kitu alicho nacho.

Yule binti wa mfano wetu alifanya jambo moja la maana kuliko yote: alisema mapema kwamba maji yananuka. Mtoto wako akija na habari kama hiyo, usikimbilie kuulaumu mtungi.